Kilo Mbili

Usinyanyue chochote kinachozidi kilo mbili,
alisema nesi wa Bugando akinikabidhi karatasi,
nami nikacheka, nikajuta kucheka.
Kilo mbili! Nyundo yangu ndogo ina kilo nne.
Ile kubwa haina kilo, ina jina: Mama Mkwe.

Miaka kumi na tisa napasua mawe hapa Mabatini.
Jabali unalirundikia magogo na tairi,
unalichoma usiku kucha,
asubuhi unalimwagia maji,
unatega sikio.
Jiwe lenyewe hukwambia litaachia wapi.
Basi walipoleta fomu nitie dole gumba
nikauliza, na mimi mtanipasulia wapi?
Daktari akapitisha kidole hewani,
toka chini ya koo hadi chembe ya moyo,
mstari ulionyooka, mstari wa fundi.
Nikatia dole.

Sasa ni wiki ya tano.
Kidari kimeshonwa kwa nyaya saba
kama ua la mbuzi.
Kuamka nimejifunza upya:
usijisukume kwa mikono,
jiviringishe kama gogo, shusha miguu,
iache miguu ikuvute.
Kunishika makwapani ni marufuku,
kwa hiyo Mbuke husimama tu, mikono nyuma,
ananihesabia: moja, mbili, haya.

Kikohozi kina silaha yake,
mto wa kochi, kitambaa cheupe
alichotarizi shemeji yangu Nyanzobe
kwa uzi mwekundu, KARIBU MGENI.
Naukumbatia, nakohoa juu ya maua.
Jumanne wadudu wa ziwa walipanda mlima
kama moshi usio na moto,
wakajaa kwenye taa, kwenye uji, puani mwangu.
Jamani, chafya!
Hakuna anayeiogopa chafya
mpaka afungwe waya.

Vidato arobaini na kimoja
toka bombani hadi mlangoni petu
nilivichonga mimi, kimoja kimoja, kabla ya harusi.
Leo Mbuke anavipanda na ndoo kichwani,
lita ishirini,
nami nimesimama juu nikimngojea
na kikombe mkononi.
Nilitazama pembeni. Ziwa lilikuwepo pale pale,
maji yote yale,
na halikuwa na la kusema.

Masalu alikuja na hela yangu ya kokoto,
elfu thelathini na tano imekunjwa mara nne.
Alizungumzia bei ya lori, alizungumzia mvua,
kila kitu isipokuwa shati langu.
Alipoondoka akasimama kwenye kona,
akashika kifua chake mwenyewe
kama anayetafuta simu.

Usiku ndio unanisema.
Kuna vali mpya humu, ya chuma,
na nyumba ikitulia inasikika:
ti, ti, ti,
nyundo ya mtoto kwenye jiwe dogo.
Wiki ya kwanza Mbuke alihamia chumba cha pili.
Wiki ya tatu alirudi.
Juzi nililalia ubavu, mlio ukafifia,
akashtuka, akawasha tochi usoni pangu,
akaniambia, lala chali, bwana,
nami nipate usingizi.

Na Sungwa, ana miaka mitano,
jioni huja amenyoosha mikono juu.
Kilo kumi na saba. Nimempima kwa jicho
nilivyozoea kupima jiwe kabla ya kuliinamia.
Baba hawezi, nasema.
Kesho? Kesho pia hawezi.
Leo hakuuliza.
Alivuta ndoo, akaifunika kichwa chini,
akapanda, akaweka sikio hapo kwenye kovu.

Baba, nani anagonga?
Fundi.
Anapasua nini?

Sikuwa na jibu. Upande wa pili wa mlima
kina Masalu walikuwa bado kazini, ko, ko,
na mchicha wa kupimwa kwa kijiko
ulikuwa unachemka.
Sogea kidogo, mama, nikamwambia,
unaegemea waya.
Akasogea kidogo sana.
Sikio hakulitoa.