Kipimo cha Arobaini na Moja

Mbale, saa nne usiku. Mvua imeliacha bati.
Nambozo na kompyuta yake, na kwaya imo ndani,
sauti nne za bandia zisizokohoa.
Kipimo cha arobaini anataka ngurumo.
Cha arobaini na moja, mnong'ono. Ghafla.

Anaandika *subito*. Mashine inalisoma neno
kama mbuzi anavyosoma gazeti:
inateremka polepole, ngazi kwa ngazi,
mithili ya mgeni anayeaga na hatoki.
Anafuta. Anaweka herufi p peke yake.
Noti ya kwanza inapiga kelele bado,
ya pili ndiyo inatii.

Utaielezaje mashine
lile jiko la Namakwekwe,
mama na shangazi wakicheka hata sufuria zikaitikia,
halafu komeo la geti: ko!
Kicheko hakikupungua. Kilikatwa
katikati ya silabi.
Hakuna aliyeinua kidole, hakuna aliyehesabu.
Baba aliingia akatukuta tunachambua maharage.

Saa sita kasoro, anagundua:
alama nyingine, ipachikwe kwenye pumziko,
robo ya pigo kabla,
kisha ifichwe.
Karatasini haitaonekana. Waimbaji hawataijua.
Anabonyeza.
Ngurumo,

mnong'ono.

Malaika ya mikono yanamsimama.
Anarudia, anarudia tena,
na kila ifikapo ile alama isiyoonekana
anageuka, anatazama mlango.