Kitasa cha Ndani
(kwa Dakta Loyisi Nabifo, Mbale)

Leo wamekufunulia jiwe, Daktari.
Mgeni rasmi alichelewa, mvua ya Wanale haikumngoja,
karatasi ya hotuba ikalowana
mpaka neno "mwanzilishi" likachuruzika wino
kidoleni mwake.

Walitaja vyeti vyako. Walitaja bahari ulizovuka.
Hakuna aliyetaja kitasa.

Mimi nilikuwa bawabu wa wodi ya nyuma,
funguo thelathini na mbili kiunoni;
nikitembea nalia njuga kama kijana aelekeaye jando,
na wagonjwa walijua saa kwa mlio wangu.
Ndugu zao waliwaleta wamefungwa kamba za katani,
wakatuachia, wakasahau njia ya kurudi.

Ukaja wewe, mwaka ule sukari ilipouzwa kwa kijiko,
binti wa muuza malewa wa Budadiri,
viatu vyako vimeshonwa mara mbili.
Wiki nzima hukuandika dawa. Uliuliza majina.
"Huyu nani?"
"Namba saba."
"Nimeuliza nani."
Nikaona haya: miaka sita nimemfungia Neumbe
bila kujua anaitwa Neumbe.

Ijumaa jioni ukamlaza ofisini, kwenye kochi lako,
ukaingia wewe chumbani mwake.
"Kutosi, funga. Njoo alfajiri."
Nilifunga. Sikulala.
Nilikaa ukumbini nikisikiliza kama utagonga.
Hukugonga.

Ulitoka na alama za mbu usoni.
Hukunihubiria haki, hukunihubiria utu.
Ulisema: "Mlango ule hauna kitasa kwa ndani.
Mtu akiamka usiku, mkono wake utashika nini?"

Basi fundi Wepukhulu akaitwa na mfuko wake wa misumari.
Ulimlipa kwa mshahara wako, vitasa thelathini na viwili,
na wakubwa wakasema kichaa kimekuambukiza.
Ukacheka, ukawajibu: kitanda kipo, karibuni.

Sisemi wote walipona.
Mmoja alitoka usiku wa pili akaufuata mto Namatala.
Tulimkuta asubuhi, nawe ulilia mbele yetu
bila kujificha nyuma ya miwani.
Nilidhani utaamuru kufuli zirudi.
Uliamuru taa.

Neumbe alichukua wiki tatu kukigusa kile kitasa.
Akakizungusha, akafungua, akafunga,
akafungua, akafunga,
kutwa nzima, kama mtoto na redio mpya.
Kisha akatoka, akaniomba maji ya kunywa,
akanitaja kwa jina.

Jiwe lako ni zuri, Daktari. Lina herufi za dhahabu.
Lakini mvua ilipokatika na wageni kukimbilia wali,
nilizunguka nyuma, magoti yakilalamika,
nikaingia namba saba, nikajifungia,
nikaweka kiganja pale palipong'arishwa na viganja vya watu.

Kikazunguka.