Sehemu ya Pili

Tulitoka sinema saa sita za usiku, Seeb,
joto limesimama mlangoni kama mdai.
Mundhir keshaanza: "Ile ya kwanza ilikuwa na kisa.
Hii bucha tu, tena bucha isiyo na mizani."

Zuweina, bisi bado zimemganda kwenye buibui:
"Kisa cha nini? Nimetoa riali tatu nione msumeno,
na msumeno nimeuona."

Warda hakukubali wala hakukataa.
Yeye ni muuguzi, chumba cha majeruhi, zamu za usiku.
Alisema damu ile ilikuwa nyekundu mno,
nyekundu ya sharubati ya futari.
Ya kweli hugeuka kahawia ungali unaipiga deki.
Na mtu aliyekatika hapigi mayowe vile.
Huuliza simu yake iko wapi.

Tukanyamaza.
Gari moja likapita, redio juu, likaishia.

Harith Idi iliyopita alichinja mbuzi wawili
bila kupepesa jicho; humo ndani
alijiziba uso kwa kilemba
tangu lilipong'olewa jino la kwanza.
"Mbuzi mwisho wake pilau," akajitetea.
"Yule mwisho wake sehemu ya tatu."

"Na ikija?" nikauliza.
"Tutakuja," wakasema, wote, hata Warda.

Ikabaki ngazi ya kuteremkia magari, chini kule,
taa moja inawaka, inazima.
Tukamngoja Mundhir atangulie.
Akainama, eti anafunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa makubadhi.