Ulimi wa Mkono

Nilimfungia mwenyewe.
Popoo mbichi, chokaa kidogo, jani la tambuu,
vidole vikikunja bila mimi kutazama,
kibandani mwangu cha kioo kando ya barabara ya Pingtung.
Ching-tsai alikuwa wa kwanza kila alfajiri,
lori likinguruma nje:
pakiti mbili na utani mmoja.
Ndivyo tulivyooana.

Kidonda kilianza kama punje ya mchele
ubavuni mwa ulimi.
Mwezi wa kwanza: nimejiuma.
Wa pili: supu ilikuwa ya moto.
Wa tatu hakusema kitu, akaisukuma pilipili
ukingoni mwa sahani, yeye mla pilipili,
na kinywa kikaanza kugoma
kama mlango uliovimba kwa mvua.

Daktari alimwambia atie vidole vitatu, vimesimama.
Kiliingia kimoja na nusu.
Wakakata kinyama, wakakitia chupani,
tukangoja siku saba.
Saratani.
Neno hilo hakulifunga kwa jani.

Saa kumi na moja za kisu.
Wakauondoa upande mzima wa ulimi,
wakafukua tezi za shingo moja moja kama karanga
(mbili zilikuwa na ugonjwa),
kisha wakamenya ngozi ya mkono wake wa kushoto,
na mshipa wake wa damu,
wakamshonea ulimi.
Usiku kucha muuguzi Hsiu-lan alikuja kila saa,
akamulika tochi,
akatazama kama nyama ngeni ina rangi ya uhai.

Tulikuwa bado tunalisha kwa mrija wa puani
nilipoona malaika za mkono
zimeota kinywani mwake.
Nilicheka. Naye alicheka, kwa mabega tu.
Mume wangu ana malaika mdomoni!

Mionzi ikawafukuza.
Siku thelathini, kinyago kimembana kichwa mezani,
na mate yakakauka, na uji ukawa mchanga,
na chumvi na sukari vikawa ndugu wasiojulikana.
Usiku aliandika kwenye daftari: *Inatosha.*
Asubuhi alivaa viatu.

Sasa ananiita Mei-hu.
Jina langu ni Mei-chu, lakini ile *ch*
ilibaki kwenye beseni la chumba cha upasuaji.
Naitika.

Kibanda sijakifunga, niseme kweli.
Kuna mkopo wa lori, na mimi sijui kazi nyingine.
Ila nimenunua tochi.
Kabla ya pakiti nasema: fungua kinywa.
Wengi hunicheka,
wengine huenda kwa jirani, ambaye haulizi.

Jana alikuja kijana wa lori la saruji.
Nikamwambia: vidole vitatu.
Akajaribu. Akajaribu tena.
Nyuma yangu Ching-tsai akaweka bakuli chini,
akakunja mkono wa shati, akamwonyesha kovu.