Weupe wa Mpingo

Weusi haukunipa shida.
Mpingo ninao, gogo la Kondoa,
limelala chini ya meza tangu baba yangu ana meno yote.
Zito kama deni.
Lirushe bwawani: linazama bila kuaga.

Shida ni weupe.

Mwalimu Ndahani alikuja Jumanne, baiskeli mkononi,
akaokota chaki mfukoni, akauandika ukuta wa banda langu:
wafalme wawili, malkia wawili,
ngome nne, farasi wanne, maaskofu wanne,
askari kumi na sita.
"Watoto wanacheza sataranji kwa vizibo vya soda," akasema.
"Mfalme wao ni betri iliyokwisha.
Juzi kuku kammeza malkia."

Nikaanza na mwarobaini, maana Hombolo nzima upo.
Kerezo likalia, vumbi likanijaa kooni,
na chai ya jioni ikageuka dawa.
Tena ule si weupe,
ni wekundu unaoona haya.

Mpera ulinidanganya vizuri zaidi.
Unaitikia patasi, hauna nyuzi za ukaidi.
Nikatoa askofu, nikamsimamisha dirishani nilale nikimwona.
Lakini upepo wa Agosti huku kwetu haubembelezi mti mbichi.
Alfajiri askofu kapasuka, kofia hadi kitako,
kama mtu aliyepewa habari ya msiba kabla ya kukaribishwa kiti.

Msonobari sikuutia hata mashineni.
Mwepesi mno. Farasi ataangushwa na kiwiko cha shati.
Kete inataka uzito wa neno lililokwisha kusemwa:
ukiiweka, meza isikie.

Wiki ya pili nikawa nachonga mpingo tu, kwa hasira.
Shoka, gome chini.
Shoka, ule ukanda wa chini ya gome nao chini,
mpaka kwenye kiini cheusi.
Ndivyo nilivyofundishwa: cha nje ni uchafu.
Miaka ishirini na minane nimeutupa upande wa kushoto,
na Mama Mbeleje anaupitia kila Ijumaa
kwa jiko lake la maharage.

Ijumaa hiyo umeme ulikatika,
kerezo likanyamaza, nikabaki natazama mgongo wake
ukiondoka na karai kichwani.
Juu ya karai, jua la saa nane.
Ndani ya karai, rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda.

Nilikimbia pekupeku.

"Ulinipa takataka," akasema, hakulitua karai.
"Sasa unataka mali."
Elfu tatu. Nikatoa elfu mbili.
"Na kimoja cha hivyo vidude vyako."
Nikanunua uchafu wangu mwenyewe,
mashahidi wakiwa wateja wawili wenye vijiko mdomoni.

Ule ukanda ni mwembamba, unene wa dole gumba.
Askari wanatosha, kwa kubana pumzi.
Mfalme hatoshi.
Mfalme nilimpata kwenye mlimau wa marehemu mama,
uliokufa umesimama mwaka bomba lilipopasuka,
ukakaukia wima miaka minne bila kuombwa.
Niliukata nikijua atanisema.
Harufu ilitoka hata hivyo, kidogo,
ndimi za patasi zikiwa moto.

Nimezipaka nta ya nyuki wa Mpwapwa, nimezipanga.
Askari weusi na askari weupe
wanatazamana kwa macho makali,
na gogo lililowazaa bado liko chini ya meza,
limepungua nusu.

Mwalimu alihesabu mara mbili.
"Thelathini na moja."
"Najua," nikamwambia. "Wa mwisho namaliza kesho."

Askari mweupe wa kwanza, aliyetoka mzuri kuliko wote,
yuko kwa Mama Mbeleje:
kamtoboa kwa msumari wa moto,
kamfunga juu ya kifuniko cha sufuria.
Mvuke unampanda, hapasuki.
Nimekwenda kumtazama mara tatu,
na mara zote nimelazimika kununua maharage.