Inchi Mbili

Nkwabi hakuingia garini. Alilivaa,
mguu wa kulia kwanza, kama suruali ya mdogo wake,
kisha akasita, nusu ndani, nusu Nyakato,
akaniuliza kama nimeliona goti lake lilikopita.

"Mwangaluka, fundi," alikuwa amesema asubuhi ile,
akakiegesha kile kitu mbele ya kibanda changu:
chekundu, milango miwili, kimo cha mbuzi,
kimetoka Japani kikapitia bandarini,
kikala ng'ombe kumi na mmoja wa Misungwi
na mkopo wa chama cha walimu juu yake.
Mwalimu wa jiografia. Futi sita, inchi tano.
Nikamwambia, mwalimu, hili lilishonewa mtu mwingine.
Akacheka. "Kipendacho roho, fundi."
Hakumalizia. Nyama mbichi ilikuwa imeegeshwa pale pale.

Sasa yuko ndani. Tuhesabu hasara.
Magoti yameukumbatia usukani huku na huku;
akikata kona ya kulia, la kushoto linapiga honi.
Kiatu, namba arobaini na saba,
kinakanyaga klachi na breki kwa pamoja
kama mchungaji anayebariki mapacha.
Kichwa kimeinua turubai, imetoka nundu;
ukimwona kwa nyuma utadhani amebeba tikiti.
Na zile taa za barabarani pale Mabatini
hazioni, mpaka ainame
achungulie juu kwa jicho moja,
kuku aliyehisi mwewe.

Watoto wa shule wamejipanga ukutani.
Mmoja anasema, taratibu, kama anayesoma ubao:
"Mwalimu amekunjwa."

Juu ya jaa walikuwepo korongo, wale wenye upara,
wamekunja miguu kinyumenyume, wameketi, wametulia.
Niliwatazama kwa muda. Hawakunipa ushauri.

Kazi yangu ni viti. Nikafungua bolti nne
zilizoota kutu kwa chumvi ya safari, nikang'oa reli,
nikakipasua kiti mgongoni kama sato,
nikatoa sponji ya kiwandani, vidole vinne kamili,
nikaweka godoro la kidole kimoja na turubai ya lori,
nikakirudisha nyuma hadi bati likasema basi.

Kisha nikavuta utepe, kutoka nyonga hadi kisogo,
na utepe ukakumbuka.
Ni huu huu ulioingia kwa Lugembe, baba yake,
mwaka ule wa mvua nyingi, nikiwa bado naranda mbao.
Mtu aliyelala maisha yake yote kitanda cha futi sita
kimshazari, kama mstari wa kufuta kosa;
aliyeinamia kila mlango wa Igogo, hata wa kwake;
kule Bugando walimtafutia stuli ya kuwekea visigino.
Kitu cha kwanza kilichomtosha
nilikipigilia misumari mimi,
nikaongeza inchi mbili, ambazo sikuzidai,
ili anyooke.

Sikumwambia mwanawe. Nadhani anajua.
Aliketi kimya nikitaja namba zangu,
akasema tu, "Ongeza kidogo. Kama inchi mbili hivi."

Inchi mbili hazikuwepo. Chuma si mbao.
Ila juu palikuwa na mbingu; tukakunja turubai.

Nikamwona anashuka kuelekea Kirumba,
kati ya mawe yaliyopandana bila kuombana nafasi,
kioo cha mbele kimeishia puani,
uso uliobaki unakula upepo wa bure.
Amenyooka. Sijawahi kumwona amenyooka
ndani ya kitu chochote.

Jioni akarudi. Lile wingu la vidudu vya ziwa
lilikuwa limeinuka majini kama moshi wa kuni mbichi,
naye, kwa furaha, hakupunguza mwendo.
Nyusi nyeusi, meno meusi, anatema,
anacheka, anatema tena.
"Fundi," alisema alipoupata ulimi wake,
"zile inchi mbili.
Nipunguzie."