Saa Nane

"Ni saa nane tu, mama," alisema Ndeshi
simuni kutoka Amsterdam,
akihesabu mwendo wa ndege.
Mama akasikia saa ya ukutani.

Adhuhuri kiburu kilishaiva,
maziwa yameganda kibuyuni,
naye kavaa kitenge cha ubatizo wa mjukuu,
kakaa barazani Uru, shingo kaielekeza KIA.

Saa nane ikagonga. Ikapita.
Ndege walipita pia: kunguru wawili,
kwarara mmoja mwenye kelele.

Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.
Nilipasha chakula mara tatu.

Usiku, taa za gari zilipopanda mgomba kwa mgomba,
alisimama, akaitazama saa,
akamwambia aliyevuka Sahara nzima:
"Umechelewa.
Ni matope ya Rau, eti?"